Kompyuta Yako Haijakufa, Umeambiwa Tu

Wacha niseme kitu kitauma watu kadhaa. Hiyo kompyuta yako ya mezani iliyo chini ya kitanda, imefunikwa leso kama mgonjwa, ile uliambiwa "bodi imeenda", kuna uwezekano mkubwa bado ni nzima. Uliiwasha siku moja, feni ikazunguka, taa ikawaka, skrini ikakaa nyeusi tii. Ukaibeba kwa matatu hadi tao, umeipakata magotini, konda akakulipisha kama abiria wawili. Jamaa wa duka akaiangalia sekunde 30, akatikisa kichwa kama daktari wa sinema, akasema, "Hii imekufa, buda. Lakini kuna ex-UK hapa safi kabisa."

Na wewe ukaamini. Kwani ungefanya nini? Hakuna mtu aliwahi kukuonyesha ndani ya hilo boksi kuna nini.

Nina ugomvi na hilo neno "imekufa". Fundi akisema "RAM haishiki vizuri" au "pawa saplai inatoa volti kidogo", amekuambia kitu unachoweza kukagua. Akisema "imekufa" hajakuambia chochote. Amekutajia bei tu. Neno likishatoka, stori inahama kutoka "shida ni gani" hadi "uko na ngapi", na hapo wewe ushashindwa kabla hujaingiza mkono mfukoni.

Tuanze na vile mashine inaamka, kwa sababu ukielewa hii sehemu moja, nusu ya uongo wa maduka unaanguka wenyewe.

Ukibonyeza swichi, pawa saplai ndiyo ya kwanza kufanya kazi. Inajipima, ikiridhika kwamba volti zake ziko sawa inaiambia bodi, "haya, endelea". Prosesa inaamka na kuanza kusoma BIOS, programu ndogo inayoishi kwenye chipu ya bodi yenyewe. BIOS inahesabu watu wa nyumba: prosesa uko? RAM iko? Kitu cha kutoa picha kiko? Wote wakiitikia, ndiyo unaona ile nembo ya kampuni kwa skrini. Ni baada ya hapo tu BIOS inaenda kwa diski kutafuta Windows.

Soma hiyo tena pole pole. Diski inakuja baada ya nembo. Windows inakuja baada ya nembo. Kwa hivyo kama mashine yako haionyeshi hata nembo, Windows bado amelala fofofo, hana habari umebonyeza kitu. Mtu akikuambia "tupige Windows mpya" kwa mashine ambayo haijawahi kuonyesha hata herufi moja, huyo ama hajui kazi yake au anaijua sana. Hata "weka SSD" ni ule ule wimbo. Ndiyo, diski yenye shoti inaweza kuzuia mashine isiamke, na hiyo ndiyo sababu ya kuichomoa wakati wa kupima. Kuchomoa ni bure. Sijasikia duka likianza na ya bure.

Kitu kingine kinachotuchanganya ni lugha yetu wenyewe. Hapa Kenya boksi lote tunaliita CPU. "Nimebeba CPU", "CPU iko chini ya meza." Sawa, lakini CPU ya kweli ni prosesa, kitu kidogo kinachoingia kwenye kiganja, kimekaa chini ya feni. Na ndicho kitu ambacho huharibika mara chache kuliko karibu kila kingine humo ndani. Kwa hivyo fundi akikuambia "CPU imeungua" na wewe ukaitikia, hamjaongea kitu kimoja. Yeye anauza boksi, wewe unazika chipu.

Halafu kuna hii ya kusema "haina display" kwa shida tatu ambazo hazijuani. Kuna mashine ambayo ukibonyeza hakuna kitu, hakuna feni, hakuna taa: hiyo ni habari ya umeme, skrini haijahusika. Kuna ile inaonyesha nembo vizuri kisha inaganda au inazima: hiyo display iko, shida ni diski au Windows au joto. Na kuna ile ya katikati, feni zinazunguka, taa iko, na monita inaandika No Signal au inaingia kulala. Hiyo ya katikati ndiyo naongelea leo, na ndiyo inazikwa ikiwa hai kuliko zote.

Kuna mama ana cyber mtaani kwetu. Mashine tatu, printa moja, na kibao cha nje kilichoandikwa kwa mkono. Mashine moja ilizima picha wiki ile wanafunzi wa Form Four walikuwa wanapanga foleni kuchagua kozi za KUCCPS, wiki ambayo kwa biashara kama yake ndiyo Krismasi. Aliipeleka mahali, sitataja, akaambiwa bodi imekufa, atoe 16,500 achukue nyingine. Hakuwa nayo. Alikuwa anapanga kuitoa kwa chama.

Nilifika hapo kupiga kopi ya kitambulisho tu. Nikasikia kitu inalia chini ya meza. Tii, mara tano. Kimya. Tii, mara tano.

"Mathe, hii inalia tangu lini?"

"Tangu ijifunge. Inanisumbua kichwa, kijana wangu, ndiyo maana nimeizima spika." Alikuwa amezima spika za muziki. Mlio ulikuwa unatoka ndani ya boksi.

Hiyo mashine ilikuwa inaongea. Siku nne ilikuwa inasema shida yake kwa sauti, mara tano tano, na msee wa duka aliisikia akiwa amesimama hapo hapo. Milio mitano, kwa mashine ya aina ile, ni RAM. Nikaomba bisibisi na raba ya kufuta penseli. Tukachomoa waya wa umeme, tukafungua, vumbi la ndani lilikuwa linatosha kupanda sukuma wiki. Vijiti viwili vya RAM. Nikasugua ile sehemu ya dhahabu kwa raba pole pole pande zote mbili, nikapangusa makombo, nikarudisha kijiti kimoja hadi vile vishikio vikalia "tk". Picha. Nikazima, nikajaribu cha pili peke yake: milio mitano. Kijiti kimoja kilikuwa kibovu kweli. Mashine ikabaki na GB 4, na GB 4 zinatosha kabisa kufungua eCitizen na kuprinti.

Dakika 20. Raba nilirudishia mtoto wake.

Sasa nisikilizeni, sijaandika hii mniite fundi. Mtoto wa darasa la sita akionyeshwa mara moja angeweza. Na hiyo ndiyo inanikasirisha. Tofauti kati ya 16,500 na raba haikuwa ujuzi wa ajabu. Ilikuwa mtu mmoja kukubali kusikiliza milio.

Hizo sauti si siri. Kwa kompyuta nyingi za ofisi za HP za miaka hiyo, taa nyekundu inamweka pamoja na mlio: mara mbili ni prosesa imepata joto, mara nne ni umeme, mara tano ni RAM, mara sita ni kadi ya picha. Kwa Dell OptiPlex nyingi za karibu na 2010, mara mbili ni RAM haionekani, mara tano ni betri ya bodi, mara sita ni picha, na zingine zina vitaa vidogo mbele vyenye namba 1 hadi 4 vinavyowaka kwa mpangilio wa kukuambia imekwama wapi. Kila modeli ina kitabu chake, kiko bure kwenye tovuti ya mwenye kuitengeneza, unaandika tu jina la modeli lililobandikwa kwa boksi. Una bando ya kutazama mtu akifungua maboksi ya simu za watu dakika 40. Kitabu kinamaliza MB tano.

Na kabla ya kufungua boksi, kuna mambo ya aibu kidogo ambayo lazima uyamalize. Monita inapata umeme? Bonyeza kitufe cha menyu yake yenyewe. Ikionyesha menyu, au ikiandika No Signal, monita ni nzima, hiyo ni yeye anakuambia "mimi niko, sijaletewa kitu". Imewekwa kusikiliza poti gani? Monita nyingi za ex-UK zina VGA na DisplayPort, na mtu alizoea moja wewe umechomeka nyingine. Angalia pini za VGA, moja ikipinda picha inaweza kupotea. Kama kuna kadi ya picha imewekwa kando, kebo inaingia kwa kadi, si kwa bodi. Na hii imeumiza wengi: zile kebo za bei rahisi zenye DisplayPort upande mmoja na HDMI upande mwingine kawaida zinaenda njia moja. Kompyuta yenye DisplayPort kwenda TV ya HDMI, sawa. Kompyuta yenye HDMI kwenda monita ya DisplayPort, utakaa hapo hadi Yesu arudi. Duka halikuambii hiyo wakati wa kukuuzia kebo, litakuambia wakati wa kukuuzia kompyuta.

Ukishafungua, chomoa umeme ukutani kwanza, bonyeza swichi ya kuwasha kama sekunde 30 imalize umeme uliobaki, gusa chuma cha boksi kabla ya kushika kitu. Kisha RAM, kijiti kimoja kimoja, sloti moja moja. Hapa ndipo kesi nyingi huisha, haswa Nairobi, vumbi letu na baridi ya Julai na kubeba mashine kwa boda zinafanya kazi pamoja. RAM ikikataa, kuna ile betri ya duara kama sarafu, CR2032, volti 3, inauzwa hata kwa maduka ya saa. Kazi yake kubwa ni kukumbuka tarehe na mipangilio. Kama kompyuta yako kabla ya kuzima picha ilikuwa inakuambia tuko mwaka 2009, ilikuwa inaomba betri. Itoe dakika kadhaa mashine ikiwa haina umeme, BIOS inarudi kwa mipangilio ya kiwandani, na mara nyingine hiyo tu inatosha.

Bado? Vua kila kitu. Diski, kadi, printa, kamera, hata kibodi. Baki na bodi, prosesa na feni yake, kijiti kimoja cha RAM na pawa saplai. Ikiamka, rudisha kimoja kimoja hadi umpate mwenye makosa. Isipoamka, azima pawa saplai ya rafiki mwenye mashine kama yako, maana pawa saplai inaweza kuzungusha feni vizuri na bado ikawa haina nguvu ya kuamsha bodi. Sema kama yako ukimaanisha: OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zina plagi yao ya pini 8, si ile ya kawaida ya pini 24, usilazimishe.

Kitu kimoja hapo sitaki ujasiri: usifungue pawa saplai yenyewe. Ibadilishe ikiwa nzima. Ndani kuna kapasita zinazoweza kubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomoa waya, na umeme wetu ni volti 240, hauna utani. Na kama kwa nyuma ina kiswichi chekundu cha 115 na 230, hakikisha kiko 230 kabla ya kuwasha. Ukiiwasha ikiwa 115 kwa umeme wa Kenya utasikia mlio ambao hauko kwa kitabu.

Bodi ndiyo ya mwisho. Ndiyo ya mwisho kila mahali isipokuwa kwa duka, ambako huwa ya kwanza. Na bodi kufa inaonekana mara nyingi kwa macho: angalia zile kapasita ndogo kama mikebe, vichwa vyao vinapaswa kuwa bapa. Zikivimba au zikilia machozi ya kahawia, hapo una ushahidi. Hii si hadithi, hati za kesi moja ya Marekani zilizotoka 2010 zilionyesha Dell waliuza angalau kompyuta milioni 11.8 kati ya Mei 2003 na Julai 2005 zilizokuwa hatarini kuharibika kwa sababu ya vipuri vibovu, kapasita zikiwemo. Bodi hufa, sijasema hazifi. Nimesema anayedai imekufa akuonyeshe maiti.

Mnaotazama video za "ujanja" za kuchoma kadi ya picha kwa oveni au kupuliza bodi na kifaa cha kukausha nywele, na nyinyi nina neno na nyinyi. Najua hiyo biashara, ni biashara yangu. Video ya mtu anasugua RAM na raba haina watazamaji, video ya bodi ndani ya oveni inapata laki mbili. Mara nyingine inaamka kweli, inakaa siku chache, inazima tena, na hiyo siku ya kuzima hakuna aliyerekodi.

Mtu ataniuliza nilisomea wapi. Nilikaa chuo kikuu miaka miwili na nusu, kozi yenye neno kompyuta kwa jina lake. Karo ilikatiza stori, sitaki pole. Tulifundishwa mpangilio wa kompyuta kwa michoro ya maboksi na mishale, nikapita mtihani kwa kuchora maboksi na mishale. Kwa maabara kulikuwa na mashine tisa zimebandikwa karatasi zimeandikwa mbovu. Tisa! Darasa la watu zaidi ya 60 tukishirikiana watatu kwa mashine moja, na hapo kando kuna tisa zinapigwa na vumbi. Niliuliza kama tunaweza kuzifungua, kama somo. Nikaambiwa ni mali ya chuo, zinangoja kuandikiwa ripoti. Nilipotoka zilikuwa bado zinangoja. Hakuna aliyewahi kuchomoa RAM hata moja, na kila mwaka tunatoa watu wenye shahada ambao wakiona skrini nyeusi wanaita mtu.

Kuchomoa RAM kwa mara ya kwanza nilionyeshwa na jamaa wa kibanda karibu na Luthuli, mtu ambaye hana cheti cha kitu chochote. Na yeye ndiye alinifanya nibadilishe vile naona mafundi, kwa hivyo sikiza hii sehemu pia, si tusi za maduka pekee.

Alinipigia hesabu. Mteja analeta mashine haina picha. Yeye anakaa saa moja kuisaka, anapata RAM ilikuwa chafu, anaisafisha, inawaka. Anasema, "nipe 500." Mteja anatoa macho. "500 ya nini? Si umepangusa tu? Umebadilisha nini?" Mteja huyo huyo akiambiwa bodi imekufa, analipa maelfu bila kelele kwa sababu anaondoka na kitu mkononi. Jamaa akaniuliza, "Sasa mimi nikiwa mwaminifu nakula nini?"

Sikuwa na jibu, na nyinyi hamna. Sisi wateja tumekataa kulipia kujua. Tunalipia kitu. Tunataka kuangaliwa iwe bure, halafu tunashangaa mtu ambaye hakulipwa kuangalia hakuangalia. Duka lenye kodi ya tao haliwezi kuishi kwa raba. Kwa hivyo linauza maboksi, na ili kuuza maboksi lazima mengine yafe.

Hiyo haiwatoi lawama wanaodanganya. Aliyesikia milio mitano akasema bodi alijua anachofanya, na mama yule pesa yake ni pesa ya watoto. Lakini kama tunataka fundi wa kweli, tumlipe kazi ya kweli. Mwambie kabla hajashika bisibisi: "Nitakulipa mia tatu kuitafuta shida, hata kama hubadilishi kitu." Utaona sura yake ikibadilika. Halafu na wewe uwe na haki zako. Akisema ni bodi, muulize alijaribu RAM gani nyingine, pawa saplai gani nyingine, na ujaribu mbele yangu. Akibadilisha kipuri, cha zamani unarudi nacho nyumbani. Na kabla ya kuacha mashine popote, piga picha za ndani: vijiti vya RAM vingapi, vimeandikwa GB ngapi, diski gani. Mashine inaweza kwenda na 8 ikarudi na 4, na bila picha utaonekana wewe ndiye mwongo.

Najua kuna msee anasoma hii akisema muda ni pesa, nunua tu laptopu, au fanya yote kwa simu. Poa, kama uko na hizo pesa hii haikuwa yako, pita. Mimi video zangu nyingi nahariri kwa boksi la ofisi la 2012 lenye i5 na RAM niliyookota vipande vipande. Ni polepole, lakini inamaliza. Na uzuri wa hilo boksi ni kwamba ndiyo kompyuta ya mwisho utakayomiliki ambayo inafunguka kwa bisibisi moja. Simu yako imefungwa kwa gundi. Laptopu nyingi nyembamba za siku hizi RAM imechomelewa kwa bodi, ikiharibika hakuna raba itakusaidia. Kijana asiye na mtaji ana shule moja tu ya bure ya kompyuta, na iko chini ya kitanda chake imefunikwa leso.

Na mawimbi mengine ya "imekufa" yako njiani, mengine yashafika. Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kwa Intel prosesa nyingi zinazokubalika zinaanzia kizazi cha 8. Karibu maboksi yote ya ex-UK yaliyojaa cyber zetu na shule zetu ni ya kabla ya hapo. Mtaambiwa ni takataka. Hayajaharibika hata waya. Linux Mint ni bure, inaingia kwa mashine ya 2012 bila kukohoa, na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilisema dunia ilitupa tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa vizuri. Hizo zingine ziko mahali. Kuna watoto wa rika letu wanachoma nyaya kwenye jalala wapate shaba, na moshi wanaouvuta hauandikwi kwa bei ya boksi jipya.

Kama umepita kila hatua na kapasita zimevimba, pawa saplai ya kuazima imekataa, RAM tatu tofauti zimekataa, basi sawa, hiyo bodi imeenda. Toa RAM, toa diski uitolee data zako, toa prosesa, pawa saplai kama ni nzima, feni, kebo za ndani, hata skrubu weka kwa kijisanduku, utazihitaji wiki ijayo kwa mashine ya mtu. Bodi tupu peleka kwa wanaozirejeleza, WEEE Centre wako hapa Nairobi, au mpe fundi wa kibanda anayenyofoa vipuri. Betri ya sarafu usiiache mezani kama nyumbani kuna mtoto mdogo, akiimeza ni hospitali saa hiyo hiyo.